Kamera mu Gari la Maombi

Kasenga, Uvira, tarehe 21 Januari 2024

Mdogo wangu mpendwa Déogratias,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Uko mzima? Kifua chako kimetulia na mvua hizi, ao bado kinakukamata usiku? Eliane anaendelea namna gani, na watoto je? Sisi huku tunahema, Mungu ashukuriwe. Goti langu linaniuma nikipanda kwenda misa, lakini napanda. Mpwa wako Divine anakusalimia sana. Watu wa Nyakabere wamekuja kujitambulisha juu ya posa yake, wakaketi vizuri, wakakula mboga ya sombe na samaki ndagala bila kuacha kitu. Kijana wao ni mwalimu, iko mpole. Baba mkwe alisema watarudi nyuma ya Pasaka. Omba nasi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama wakati wa marehemu baba. Simu ya nyumba hii iko ya shemeji yako Eugène, na sauti ukiituma anaifungua mbele ya watu wote, hata wageni wanakusikia ukikohoa. Kuna maneno mtu anataka kuyasema kwa mtoto wa mama yake peke yake. Nimempa barua hii mama mmoja mfanyabiashara anayepanda meli ya Kalemie, kutoka kule atampa mtu wa Lubumbashi. Ndagala hizi kidogo ni zenu.

Sasa neno lenyewe. Watu wa utafiti wenu wamefika huku kwetu! Kijana wao Frédéric alikuja parking, akaeleza mashofere kwamba kuna kamera ndogo inawekwa mbele ya usukani. Inatazama uso. Shofere akisinzia, ao akitazama simu, inapiga kelele. Na picha zinakwenda Lubumbashi, mnazitazama ili kujua kwa nini barabara yetu ya Bukavu inakula watu namna hii. Wengine walikataa, wakasema ni jicho la polisi. Eugène akasema: "Shemeji yangu iko mu kazi hiyo, tieni kwangu." Nilifurahi, ndugu yangu. Niliona kama gari letu limewekwa mkononi mwako.

Lakini mashine yenu inatusumbua kwa jambo moja. Haijui kusali.

Weye hujapanda gari la Eugène siku hizi. Watu wanaliita gari la maombi. Mbele ya kutoka, Mama Generose, yule anayenunua mchele Sange, anasimamisha sala, abiria wote wanaitika. Kisha anaketi mbele, kiti chake ni kile kile. Na mu njia, Mungu anamtembelea Eugène. Anatulia. Macho yanatazama mbali, midomo inatembea polepole, vidole vinasugua usukani kama mtu anayehesabu rozari. Ukimwita hajibu. Mara moja abiria mmoja alimwambia, "Shofere, niache hapa," gari likapita tu. Mama Generose akamgeukia: "Weye, nyamaza! Huoni iko anaongea na Mungu? Utashuka mbele, miguu unayo." Watu wakacheka. Yule mtu alirudi kwa miguu.

Basi sasa kila akitembelewa, mashine inalia piii, piii, kama mbuzi aliyefungwa. Eugène anashtuka, anasema, "Nini tena?" Mama Generose amekasirika kabisa. Anasema kitu kinachokatiza sala hakitoki kwa Mungu.

Waambie wakubwa wako wafundishe mashine ile kwamba kusali si kusinzia. Unijibu, na unipe habari za kifua.

Dada yako,
Émérance


Lubumbashi, tarehe 18 Februari 2024

Yaya Émérance, dada yangu mkubwa,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Ndagala zilifika, Eliane alizipika siku ile ile, jirani wakauliza harufu hii inatoka wapi. Kifua kimepunguka. Mtoto mdogo alikuwa na malaria, amepona. Nimefurahi juu ya Divine. Mwambie mjomba wake anatafuta suti tangu sasa.

Yaya, barua yako nimeisoma mara nyingi. Acha nikueleze kazi yangu, kwa sababu nafikiri hujaielewa yote. Ninaketi mbele ya ekran ya kompyuta tangu asubuhi. Kila gari linakuja na namba, halina jina. Ninaandika ninachokiona: huyu anashika simu, huyu anageuka kudai nauli, huyu kichwa kinaanguka. Siku ya kuanza tulitia sahihi kwamba kile tunachokiona hatutakisema kwa mtu yeyote, hata wa damu. Bila ahadi hiyo hakuna shofere angekubali kamera. Basi juu ya gari lolote sina neno la kukuambia, usiniulize.

Lakini minye nikiwa mdogo wako, siyo mtu wa biro ya utafiti, naweza kukuuliza weye. Eugène akisali nyumbani, midomo inatoa maneno, ao inatembea tu? Ukimwita, anajibu? Sala ikiisha, anakumbuka kwamba alikuwa akisali? Ni tangu lini?

Kama jibu halikupendezi, mpeleke kwa dokta. Siyo dokta wa malaria. Kuna madaktari wa kichwa Bukavu, barua ya opitali ya Uvira inatosha kuwaona. Ugonjwa una dawa mara nyingi, Yaya. Kutotazama ndiko kusiko na dawa.

Usiniandikie kwa hasira. Andika upesi.

Mdogo wako,
Déogratias


Kasenga, Uvira, tarehe 7 Aprili 2024

Mdogo wangu Déogratias,

Amani ya Bwana aliyefufuka iwe kwako. Habari ya mtoto? Homa haijarudi? Huku ziwa limepanda. Maji yameingia mu nyumba za watu wa chini, hata njia ya bandari watu wanavua viatu. Kwetu Kasenga bado pakavu, lakini tumepokea jamaa mbili sebuleni, tunalala kama ndagala kwenye mkeka. Pasaka tuliimba vizuri hata hivyo.

Umesema nisiandike kwa hasira, nami ilinikamata kweli. Nikasema, huyu mtoto nilimbeba mgongoni, leo ananiulizia mume wangu kama komisere wa polisi. Barua niliiweka chini ya godoro. Lakini maneno yako hayakukaa chini ya godoro.

Jumapili ya Matawi tulikuwa mezani. Eugène ameshika kijiko. Nikaona anatulia, macho yamekwenda. Midomo ikaanza. Kila siku nilikuwa nainamisha kichwa nami nisali naye. Siku ile nikamsogelea, nikaweka sikio langu karibu na kinywa chake. Hakuna Salamu Maria, Déo. Hakuna neno hata moja. Alikuwa anatafuna, na kinywa hakina kitu. Mkono wake wa kushoto unasugua kitambaa cha meza, unasugua, unasugua. Nikamwita, "Baba Divine!" Kimya. Nikamshika bega. Kimya. Kisha macho yakarudi, akatazama sahani, akasema, "Mboga ya leo chumvi iko kidogo."

Nikamuuliza alikuwa akisali nini. Akasema, "Kusali? Wakati gani? Si ninakula."

Nimekaa na jambo hilo. Labda kuna sala ya moyo isiyo na maneno, watakatifu walikuwa nayo. Labda Mungu anamchukua na kumrudisha bila yeye kujua. Minye si mtu wa masomo. Lakini nakuomba kitu kimoja: usiniandikie jina la ugonjwa. Nafikiri najua neno liko mu kichwa chako. Usiliandike. Unamkumbuka Fanny wa nyuma ya shule? Alianguka sokoni mara moja tu, povu likamtoka, tangu siku ile hakuna mtu ananunua mandazi yake, na binti zake wote wawili wako nyumbani mpaka leo. Watu wa Nyakabere wamesema wanarudi mwezi huu. Wakisikia neno lile katika nyumba hii, watarudisha maneno yao, na Divine ameshaanza kushona.

Juu ya kamera, usihangaike. Mama Generose ameifunika. Alivua kitambaa chake cha kichwa parking, mbele ya watu wote, akaifunga kama kidonda. Iliendelea kulia, basi Eugène akachomoa waya. Sasa gari limetulia, wanasali vizuri.

Nijibu, lakini kwa upole.

Dada yako,
Émérance


Lubumbashi, tarehe 12 Mei 2024

Yaya yangu,

Nawasalimu wote, na hao wageni wa sebuleni pia. Sisi wazima. Eliane anaulizia kama ziwa limerudi.

Sitaandika neno. Umenikataza, nami nilitia sahihi, basi tumefungwa wote wawili. Lakini kuna gari moja ambalo picha zake ziligeuka nyeusi siku za Pasaka, kisha zikakatika. Wengine hapa waliandika pembeni, "Shofere amejitoa," wakafungua gari lingine. Minye nilibaki nikitazama weusi ule.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu. Nikamwambia, tukiona mtu iko katika hatari, na watu wako nyuma yake, tunafanya nini? Akaniambia, "Déo, sisi tunatazama, hatutibu. Matokeo yatatoka mwaka ujao, Serikali itasoma." Si mtu mbaya. Yeye pia hajalala vizuri, nilimuona macho. Lakini Yaya, usingoje mwaka ujao.

Mwondoe Eugène kwenye usukani. Tafuta njia yako, weye unamjua. Mwambie goti lako linakuuma unahitaji mtu nyumbani. Mwambie patron Chadrack, mwenye gari, ampe kazi ya kupanga magari parking, atakaa kivulini, ataheshimiwa. Kisha mwende Bukavu. Ukitaka usiseme kitu kwa watu wa Nyakabere, usiseme. Hilo halinihusu. Lakini asiendeshe.

Na kile kitambaa kitoeni, waya rudisheni. Mama Generose mwambie mashine ile haikuwa inakatiza sala. Ilikuwa inaita.

Barua hii nampa mfanyabiashara mmoja anayekwenda Kalemie kesho. Nijibu siku ile ile unapoipokea.

Déogratias


Kasenga, Uvira, tarehe 23 Juni 2024

Déogratias,

Nakusalimu. Natumaini muko wazima, wote.

Barua yako ya mwezi wa tano imenifikia tukiwa matangani. Mfanyabiashara yule alikaa Kalemie, meli iliharibika, akaleta barua na sabuni zake siku ileile tuliyorudi makaburini. Nimeisomea chooni. Sitakudanganya kwamba ningekutii kama ingefika mapema. Sijui.

Mama Generose amekufa. Ilikuwa Jumatano, mchana, jua likiwaka, barabara kavu, hakuna mvua, hakuna ng'ombe. Wamepita Sange wakielekea chini. Abiria wanasema nyimbo zilikuwa zinaimbwa. Penye kona Hiace haikukata kona. Ilikwenda tu, polepole hata, kama mtu anayeingia kwake, ikashuka katika mfereji wa mashamba ya mchele, ikalala upande wa mbele. Kijana mmoja amevunjika mguu, wengine michubuko. Mama Generose alikuwa kwenye kiti chake.

Aliyeketi nyuma yao alinisimulia. Anasema Mama Generose aliona kona inakuja. Hakumshika Eugène, hakuvuta usukani. Alisema, "Mwacheni, anamalizia."

Eugène iko mzima. Ameuma ulimi, bega limevimba. Polisi walimuuliza, akasema breki. Fundi akatazama, akasema breki ziko nzima, akakusanya vyombo vyake. Watu wanasema ni shetani alipigana na gari la maombi, na Mungu akamchagua mmoja wake. Eugène analia kila siku, hakumbuki chochote tangu daraja la Sange. Ananiuliza, "Mama Divine, nilifanya nini?" Minye namwambia, kula.

Kwenye mazishi binti ya Mama Generose alinikumbatia. Akaniambia, "Mama, sisi hatulii sana. Mama yetu alikufa mu maombi." Nikamshika nami nikasema amina. Ulimi wangu ulisema amina, Déo.

Niambie kitu kimoja. Mbele kile kitambaa hakijafunika kamera, ulimuona? Macho yako yalimuona?

Émérance


Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya,

Poleni. Poleni sana. Eliane amelia, ingawa hakumjua. Tumemwombea misa.

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua tatu, nikazichana.

Unachoniuliza siwezi kukijibu. Picha ni za mwenye uso. Eugène mwenyewe akija, ao akiandika kwa mkono wake kwamba anataka kujiona, biro itampa picha zake zote, hiyo ni haki yake. Mtu mwingine hapana, hata mke. Nikizitoa bila hivyo nitafukuzwa, hilo si kitu kikubwa, lakini mashofere wengine wote watasikia, watafunika kamera zao, na kazi hii itakufa. Kuna watu wanaoishi leo kwa sababu ya kelele ile.

Mwambie aandike. Mistari miwili tu.

Niliposoma neno lile la mwisho la Mama Generose nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Mdogo wako


Kasenga, Uvira, tarehe 25 Agosti 2024

Mdogo wangu Déogratias,

Bwana awe nawe na nyumba yako. Uko mzima? Kifua, usikifiche. Ziwa limeshuka kidogo, wageni wetu wamerudi kwao, wameacha alama ya matope ukutani. Goti iko vile vile.

Nilimwomba Eugène aandike. Nilimwambia yote, tukiwa wawili: midomo, kijiko, kitambaa cha meza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akasema: "Weye unataka kunizika nikiwa mzima. Minye siko mgonjwa. Mtu mgonjwa anaanguka, minye nimeanguka wapi?" Nikasema, "Gari lilianguka kwa niaba yako." Hataandika. Anasema hawezi kuomba picha ya kitu ambacho hakipo. Na nikimtazama naona hadanganyi. Yeye hajawahi kujiona. Sisi wote tumemuona, yeye peke yake hajamuona Eugène.

Sasa patron Chadrack amenunua gari lingine, kubwa kuliko lile. Abiria wanamwuliza Eugène yuko wapi. Wanasema shetani alishindwa, mtumishi arudi. Safari ya kwanza ni kupeleka kwaya yetu Luvungi, tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Wakuu. Watoto wa kwaya unawajua, wengine umewasimamia ubatizo. Divine anaimba soprano. Eugène amefua shati lake jeupe yeye mwenyewe.

Nilikwenda kwa padri. Akanisikiliza, akaniambia bila dokta hawezi kumwaibisha mtu mbele ya kanisa. Nilikwenda kwa Chadrack. Akasema, "Mama, mwanamume hawezi kulala nyumbani juu ya maneno ya mke wake." Kila mtu anataka kuona, na hakuna mwenye cha kuonyesha isipokuwa weye.

Nilikukataza kuandika neno. Basi minye ndiye ninayeliandika, kwa mkono wangu, kwa wino: kifafa. Mume wangu Eugène ana kifafa. Sasa halitoki kwako, hujavunja chochote hapo.

Na usifikiri nimeliandika kwa siri. Nilimwambia Divine kwanza. Aliweka chini kitambaa alichokuwa anashona, akalia, kisha akaniambia, "Mama, enda uwaambie. Sitaki waambiwe na mtu mwingine." Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Nyakabere. Walinipokea vizuri. Walinipa kiti, wakanipa maji ya kunywa. Niliwaambia. Baba mkwe akasema asante kwa ukweli, tutaketi tuzungumze. Kijana, yule mwalimu, alitazama miguu yake. Walinisindikiza mpaka njiani, na nilipokuwa bado sijapanda moto nikasikia nyuma ya nyumba kikombe kinavunjwa. Kimoja tu. Kile nilichonywea.

Hawajarudi tangu siku ile. Divine anaendelea kushona, sijui anamshonea nani.

Ninasema haya si kwa kukulaumu. Najua ahadi ni kitu kitakatifu, minye pia nimeishi kwa ahadi. Na najua kuna mashofere wanaoamshwa na kelele ile na kufika kwa watoto wao. Nimewafikiria nikipiga magoti, mmoja mmoja, bila kujua majina yao. Sijapata jibu linalonituliza. Labda ninachokuomba ni dhambi, nitakiungama minye. Lakini weye umekaa mbele ya uso wa Eugène, na minye nimeweka sikio kwenye kinywa chake, na Mama Generose yuko chini ya udongo kwa sababu alimheshimu. Tukibaki kimya sote, tunawapakia watoto wale kwa mikono yetu.

Tuma picha moja tu. Ile ambamo midomo inatembea na barabara inapita. Itume mu simu ya Eugène mwenyewe, siyo kwangu. Aifungue yeye, hata mbele ya watu kama kawaida yake. Aone macho yake. Kama akijiona bado akapanda, basi nitasimama mbele ya gari na goti langu hili, lakini nafikiri hatapanda. Ni mtu mwema. Hajui tu.

Kama huwezi, niandikie kwamba huwezi, nijue, nisingoje bure, nitafute lingine nikiwa na muda.

Barua hii nimempa sista anayepanda ndege Bujumbura. Jibu lako usiwape watu wa meli. Nijibu upesi, Déo, mbele ya tarehe 29.

Dada yako,
Émérance